"Kukaa kwa utulivu" maana yake nini kwa mpangaji?

Mpangaji akiambiwa sheria inampa haki ya kukaa kwa utulivu, hudhani ni habari ya kelele: jirani asifungulie redio usiku, watoto wasicheze mpira ukumbini. Sivyo. Utulivu huu ni wa kutosumbuliwa na mwenye nyumba mwenyewe, au mtu aliyemtuma. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 imeuweka ndani ya kila mkataba wa pango, hata kama hamkuutaja. Na pango la mwaka mmoja au chini ya hapo linaweza kuwa la mdomo tu, kwa hiyo "hatukuandikiana" si hoja.

Nyumba ni yake, hilo habishi mtu. Lakini miezi uliyoilipia ameshaiuza, na pesa kashatia mfukoni.

Chukua nyumba ya vyumba sita kule Ngamiani, Tanga, ukumbi katikati, choo uani. Mama muuza vitumbua kalipa Januari hadi mwisho wa Juni. Aprili, dalali anamletea mwenye nyumba mtu mwenye dau kubwa zaidi. Mwenye nyumba hasemi "hama". Anaanza na umeme: LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja ya nyumba nzima, ila kinachokosa taa ni chumba kile kile. Wiki ya pili anakuja fundi na bisibisi, mlango unang'olewa "ukarekebishwe". Jioni mama anarudi na ndoo yake ya unga, anakuta mwimo mtupu, matundu ya bawaba, na khanga aliyoitundika jirani kumsitiria vyombo. Mlango haurudi.

Hapo utulivu umeshavunjwa, ingawa hakuna aliyemwambia atoke. Wengi hungoja mpaka vyombo vitupwe barazani ndipo waseme wamefukuzwa. Kuezua bati, kuongeza kufuli juu ya lako, kukata maji, kuingia chumbani ukiwa sokoni, vyote ni namna ya kukutoa bila kukutamkia.

Na anayedaiwa kodi? Haki hii inamkinga anayelipa, tusidanganyane. Wapo wenye nyumba, wajane wengine, ambao kodi ya vyumba viwili ndiyo chakula chao, na mpangaji anamaliza miezi minne hajatoa shilingi huku akiamkia shikamoo kila asubuhi. Lakini deni nalo lina njia yake: notisi ya maandishi kwanza, kisha baraza. Bisibisi haimo. Mkiwa hamkupanga muda wala notisi na unalipa kwa mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja. "Ijumaa nisikukute" si notisi.

Wengi huanza kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na mara nyingi mlango hurudi siku hiyo hiyo, kwa aibu tu. Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui tena kesi. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko unaweza kuomba zuio, yaani amri ya kumkataza mwenye nyumba, kurudishwa chumbani na fidia. Vitu vikivunjwa au kuibwa, hiyo ni jinai. Polisi wakikwambia "hayo ni madai", waeleze kilichovunjwa, usianze na habari ya kodi.

Piga picha ule mwimo kabla fundi hajarudi. Tunza risiti, na ujumbe wa muamala kama ulilipa kwa simu. Ulimpa mkononi? Mwandikie leo, kwa adabu: "Shikamoo mzee, ile kodi ya Januari mpaka Juni niliyokupa ilitimia?" Akijibu "ilitimia mwanangu", ujumbe huo usiufute.