Je, wajua kwa nini tiketi ya basi hugeuka nyeusi ukiipiga laminesheni?

Desemba ya mwaka juzi nilishuka Moshi na tiketi mfukoni na wazo kichwani. Wazo lenyewe lilikuwa dogo: nitengeneze kijitabu cha kumbukumbu cha likizo ya Krismasi, cha kutosha kiganjani, chenye picha za simu, vipande vya karatasi na maneno ya kuandika kwa mkono, nimwachie bibi kule Marangu kabla sijarudi Dar. Ukurasa wa kwanza ulikuwa uwe wa tiketi. Kwetu Krismasi haianzi tarehe 25, inaanza siku unapopata siti.

Nikaingia steshenari moja mjini nikaomba tiketi ipigwe laminesheni isichakae. Kijana aliyekuwepo hakuuliza kitu, nami sikuuliza. Akaipachika kati ya nailoni mbili, mashine ikaimeza, na upande wa pili ikatoka nyeusi tii. Jina langu, namba ya siti, nauli, vyote vimezama.

"Pole dada," akasema huku akiigeuzageuza kwenye mwanga. "Kumbe hizi zinaungua."

Haikuungua. Tiketi nyingi za siku hizi, sawa na risiti za EFD, zile mashine za kodi za madukani, hazina wino hata tone. Chukua risiti mpya uikwaruze kwa ukucha, haraka na kwa nguvu kidogo: utaona mstari wa kijivu au mweusi. Hilo ni joto la msuguano tu. Karatasi hiyo imepakwa tabaka jembamba lenye vitu viwili vilivyosagwa pamoja, yaani rangi ambayo bado haionekani na asidi hafifu ya kuiamsha. Vikiwa vikavu, vinakaa jirani bila kusalimiana. Mashine ya kutolea tiketi ina safu ya vinukta vinavyopata moto kufumba na kufumbua; kila vinapogusa, tabaka linayeyuka, asidi inaikuta rangi, herufi inatokea. Sasa mashine ya laminesheni hupasha moto kupita nyuzi 100, tena haichagui herufi. Inaamsha karatasi nzima kwa mpigo.

Kinyume chake nacho hutokea, polepole. Jua, joto la dashibodi, mafuta ya vidole, na hasa vilainishi vilivyomo kwenye plastiki laini, vyote huvunja ule mshikamano wa rangi na asidi, maandishi yakafifia mpaka yakaisha. Ndiyo maana risiti uliyoitunza kwa adabu ndani ya kimfuko cha nailoni unaikuta nyeupe pe siku unayokwenda kudai garantii. Kuibandika albamu kama ilivyo ni kuibandikia kifo, hasa kwa gundi yenye harufu kali ya kemikali, ambayo inaweza kuifuta au kuitia weusi kabla hata haijakauka.

Dawa ni kuipiga picha siku ile ile. Ilaze juu ya kitenge cheusi karibu na dirisha, kivulini, bila flashi, simu ikiitazama kutoka juu moja kwa moja. Kama imeanza kufifia, pandisha kontrasti kwenye simu; maandishi ambayo jicho limeshayakatia tamaa mara nyingi hurudi. Halafu chapa nakala kwenye karatasi ya kawaida, hiyo ndiyo ibandikwe. Mpwa wangu wa darasa la sita aliona huo ni udanganyifu. "Shangazi, sasa hiyo si tiketi, ni picha ya tiketi." Nilimwambia asubiri miaka mitatu.

Kijitabu chenyewe hakihitaji duka la vifaa vya sanaa. Karatasi moja ya A4 inatoa kurasa nane. Ikunje mpaka upate vyumba vinane, vinne juu na vinne chini. Kila chumba kina milimita 74 kwa 105, ukubwa uitwao A7. Ifungue, ikunje nusu ili upande mfupi ukutane na mwenzake, kisha anzia kwenye mkunjo ukate kwa mkasi mstari wa katikati hadi ufike mkunjo unaofuata, usiendelee. Ukiifungua sasa utaona tundu refu katikati. Ikunje kwa urefu, shika ncha mbili usukume ndani. Tundu linafumbuka kama msalaba, nawe unazizungushia kurasa mpaka zilale. Jalada, kurasa sita za ndani, mgongo. Hakuna stepla wala uzi.

Uzuri wake kwa mtu wa simu ni kwamba kurasa zote nane ziko upande mmoja wa karatasi. Unazipanga kwenye programu yoyote ya kuunganisha picha, unakwenda steshenari, unachapiwa ukurasa mmoja tu wa rangi. Lakini safu ya juu lazima uichape kichwa chini, miguu juu. Mimi nilisahau, na toleo la kwanza likawa na bibi amesimama wima ilhali babu mdogo na mbuzi wake wananing'inia kama popo. Tangu hapo natengeneza kwanza mfano wa karatasi tupu, naandika namba 1 hadi 8 kwa penseli, naufungua, natazama namba zipi zimepinduka. Dakika mbili.

Karatasi itakushangaza pia kwa ukaidi. Nyuzi za mbao ndani yake huwa zimelala upande mmoja, na kwenye A4 za ofisini mara nyingi zinafuata urefu. Kukunja sambamba na nyuzi ni rahisi. Kukunja kwa kuzikata kunapasua uso, na mikunjo ya uti wa kijitabu hiki inazikata. Kwa hiyo pitisha kwanza peni iliyoisha wino juu ya mstari, ukiwa na rula, ndipo ukunje. Nyuzi hizo hizo ndizo zinazofanya ukurasa ujikunje ukipakwa gundi ya maji: zikinywa maji hunenepa kwenda upana, ila haziongezeki sana urefu. Tulikilaza chetu chini ya Biblia ya bibi na nusu gunia la mahindi usiku mzima, kikatulia.

Tuje kwenye picha, ambako ndiko watu wanakoumia. Lawama nyingi huiangukia WhatsApp, eti inaua picha. Ni kweli, kwa mpangilio wa kawaida inaipunguza picha hadi pikseli 1600 hivi kwa upande mrefu, na ukitaka ile ya asili inabidi itumwe kama dokumenti. Ila piga hesabu kabla ya kulaumu. Printa nzuri inataka nukta 300 kwa kila inchi, na inchi ni sentimita 2.54. Ukurasa wa milimita 74 kwa 105 unataka basi pikseli 874 kwa 1240. Ile picha ya kwenye kundi la ukoo inatosha na inabaki! Kwenye A4 nzima, inayotaka 2480 kwa 3508, ndipo ukungu unapotokea. Udogo wa kijitabu umetuokoa bila sisi kujua. Cha kuogopa ni picha ya skrini ya picha ya skrini, iliyohifadhiwa na kutumwa upya na wajomba watano.

Giza ni kesi nyingine. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inasubiri kuazimwa mwanga wa chumba. Picha iliyong'aa kwenye simu usiku, mwanga wa skrini umewekwa juu kabisa, ikichapwa itatoka imenuna. Ipandishe mwanga kabla ya kuichapa mpaka uione imezidi kidogo. Na kama mlikaa chini ya turubai la bluu, kama nusu ya sherehe za mkoa huu, nyuso zote zitakuwa zimepata ubluu wa wagonjwa, kwa sababu plastiki hiyo huchuja wekundu na umanjano wa jua. Sogeza kitelezi cha joto la rangi kuelekea njano hadi ndizi za kwenye sahani zifanane na ndizi. Nyama choma ni kipimo kibaya. Inavumilia rangi yoyote.

Kabla ya kubandika, mjue wino wako. Printa zenye vitenki vya rangi ubavuni hutumia wino wa maji, na kwa kawaida ukilowesha kidole ukagusa pembeni, rangi inakimbia. Printa ya leza haina wino. Ina unga wa plastiki unaoyeyushwa juu ya karatasi, nao hauogopi maji ila unabanduka kwenye mkunjo. Basi ya wino wa maji ibandike kwa gundi ya kijiti, isiyolowanisha sana, na ya leza iachie ufito mweupe wa milimita tano kila panapokunjwa. Selotepu nakushauri uiache kabisa: gundi ya zile za bei rahisi hugeuka njano, ikalika na kuacha baka. Uji wa ngano unashika vizuri sana, hata wanaokarabati vitabu vya kale hutumia gundi ya wanga wa ngano, lakini uliopikwa jikoni ni karamu kwa mende. Kero hii ya gundi si ya leo. Mark Twain, mtunzi wa Marekani, alisajili mwaka 1873 hataza ya kitabu cha kubandika ambacho kurasa zake zilipakwa gundi tayari. Unalowesha, unabandika, unaendelea na shughuli zako.

Yapo yasiyoingia kwenye simu. Ukanda wa gome kavu la mgomba, ule wa kahawia unaong'aa, ukichanwa mwembamba unafaa kuwa fremu. Kitenge kilichobaki kwa fundi cherehani. Karatasi ya ratiba ya ibada ya usharikani, yenye bei za mnada zilizoandikwa nyuma kwa peni, maana baada ya ibada mkungu wa ndizi ulinadiwa mpaka tukacheka. Ukikata gazeti, ujue litakuwa la kwanza kugeuka njano: karatasi yake bado ina lignini ya mti, ambayo ikikutana na mwanga na hewa hubadilika rangi. Karatasi nzuri ya ofisini imeondolewa nyingi ya hiyo.

Na jani la sale. Mwaka ule kulikuwa na neno kati ya baba zangu wawili kuhusu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na mmoja alifika asubuhi na sale mkononi. Kwa Wachaga, jani hilo ndilo linaloomba msamaha. Aliyeletewa hana pa kukimbilia. Sikutaka kupiga picha watu wakisuluhishana, nilipiga jani lilipokuwa limeachwa juu ya meza, kijani kibichi, kando ya kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Jani lenyewe nililikausha kati ya magazeti, nikibadilisha magazeti kila siku, maana ni nene na unyevu uliobaki unazaa ukungu utakaokula na ukurasa wa jirani. Likikauka linakuwa la kahawia, kwa sababu ile rangi ya kijani imevunjika. Nimebandika kipande chake upande mmoja na picha yake upande wa pili. Mpwa wangu hakubisha safari hii.

Sauti ya bibi ilinitesa zaidi. Alisimulia jinsi kahawa ilivyokuwa ikibebwa kichwani hadi chama cha ushirika, nikamrekodi, nikataka kuweka msimbo wa QR ukurasa wa sita ili ukiuelekezea simu umsikie. Inawezekana, ila wengi wanadhani sauti imo ndani ya kile kimraba. Haimo. Msimbo huo, uliobuniwa Japani mwaka 1994, hata ukiwa mkubwa kuliko wote unabeba baiti 2,953 tu, na dakika moja ya sauti ya simu ni mamia ya maelfu. Kilichomo ni anwani ya mahali ulipoiweka sauti mtandaoni. Akaunti ikifungwa, umebaki na pambo la miraba. Kwa hiyo chini ya msimbo niliandika kwa mkono sentensi tatu za bibi, kwa Kichaga chake cha Marangu, pamoja na tarehe. Peni niliyotumia ni ya kawaida, yenye kijipira nchani. Ile ya majimaji ilitawanyika kwenye karatasi ya gramu 80 kama chai kwenye kitambaa.

Kijitabu kikishajaa vitu hakifungi tena. Ukurasa mmoja uache bila kubandika chochote, na jalada livishe manila pana kidogo kuliko kurasa ili liwe na nafasi ya kuvimba. Tiketi halisi na risiti ziweke nyuma ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, si ya nailoni, zikijua zenyewe kwamba zinaondoka.

Ile nyeusi niliibandika ukurasa wa kwanza hivyo hivyo, na laminesheni yake. Tiketi ya kurudi Dar niliipiga picha nikiwa bado stendi, kabla sijaiweka mfukoni.