Miaka miwili ya kuishi pamoja, na dhana nyingine zinazonichosha

"Wakili, tumefikisha miaka miwili, kwa hiyo mimi ni mke halali." Nimechoka kuisikia. Ananichosha zaidi yule bwana anayetaka kujua kama akimtimua mwenzake mwezi wa 23 atakuwa amepona.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema hivi: ikithibitika kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka 2 au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya wajulikane kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana. Hiyo ni dhana tu ya ndoa, upande wa pili unaruhusiwa kukanusha. Bwana akithibitisha kwamba muda wote huo alikuwa na ndoa ya Kikristo ambayo haijavunjwa, dhana inaanguka hata kama mmekaa miaka 15, maana hakuwa na uwezo wa kuoa tena.

Kwa hiyo uzito uko kwenye kujulikana, na hapo ndipo watu wanakuja mikono mitupu. Naletewa meseji za "mke wangu". Niletee balozi wa mtaa anayewajua kama kaya moja, shangazi wa bwana aliyekupokea msibani kama mkwe, mkataba wa pango mliosaini wote wawili. Na dada yangu, risiti za saruji na mabati ulizolipia wewe zisikae kwenye begi la bwana!

Dhana ikianguka, bado mwanamke haondoki kapa. Sheria hiyohiyo inamruhusu kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine, ikiwemo kuamua watoto wakae na nani. Bwana wa mwezi wa 23 ajue pia kwamba mtoto hudai matunzo kwa sababu ni mtoto wake, hata kama baba na mama yake hawakuwahi kuishi nyumba moja.

"Mama wa nyumbani hana mchango." Mahakama ya Rufani ilishamaliza ubishi huo mwaka 1983: kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kiasi cha mgawo ndicho hubishaniwa, na si lazima kiwe nusu kwa nusu.

"Mtoto akifika miaka 7 ni wa baba." Hapana. Chini ya umri huo sheria inachukulia kuwa ni heri akae na mama, na dhana hiyo nayo hukanushika. Baada ya hapo hapewi baba moja kwa moja. Kinachotazamwa ni ustawi wa mtoto.

"Hela ya dhamana." Dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini anasaini bondi, na anadaiwa kiasi kilichoandikwa pale mshtakiwa anaporuka dhamana. Mahakamani mnaweza kuamriwa kuweka fedha taslimu au hati ya mali. Mkiweka fedha, daini stakabadhi ya serikali siku hiyohiyo, kwa sababu mshtakiwa akihudhuria hadi mwisho, hela hiyo inarudi.