PAL na NTSC: maana yake kwenye diski za video

PAL na NTSC ni majina ya mifumo miwili ya televisheni za rangi, na yanapochapishwa nyuma ya kasha la DVD humwambia mnunuzi diski hiyo imekusudiwa televisheni za nchi zipi. NTSC ya rangi iliidhinishwa Marekani mwaka 1953 na baadaye ikafuatwa na Japani. PAL ilibuniwa na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, ikaanza kutumika Ujerumani Magharibi na Uingereza mwaka 1967, na ndiyo tuliyoirithi Uganda pamoja na Kenya na Tanzania. Ufaransa ilikuwa na mfumo wake, SECAM, uliofuatwa na jirani zetu wa Kongo.

PAL huchora picha kwa mistari 625 na kuonyesha fremu (picha moja moja zinazofuatana) 25 kwa sekunde, ilhali NTSC hutumia mistari 525 na fremu zinazokaribia 30. Mwendo huo ulifungamanishwa na umeme wa kila nchi: wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, wa Marekani ni wa hezi 60.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi ni kwamba ndani ya DVD hamna rangi ya PAL wala ya NTSC. Kilichohifadhiwa ni data za picha yenye mistari inayoonekana tu, 576 kwa diski za PAL au 480 kwa za NTSC, pamoja na mwendo wa fremu. Ishara ya rangi hutengenezwa na deki yenyewe wakati wa kucheza. Ndiyo maana hakuna DVD za SECAM, na mtu aliyevuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kongo hucheza diski zilezile zinazochezwa Kasese.

Kwa hiyo dalili za kutolingana zapaswa kusomwa kwa makini. Deki yenye diski ya NTSC ikiunganishwa kwa waya wa manjano na televisheni ya zamani ya kichogo, kisha picha ikatulia lakini ikawa haina rangi, mistari imekubalika na ni rangi tu isiyotambuliwa, kwa kuwa PAL hubeba rangi kwenye megahezi 4.43 na NTSC ya Marekani kwenye 3.58. Picha ikipanda na kushuka bila kukoma, televisheni imeshindwa kufuata hezi 60. Kabla ya kuilaumu diski, fungua menyu ya deki kwa rimoti, utafute mahali pa kuchagua aina ya televisheni, uweke PAL: deki nyingi zitaigeuza picha, ingawa mwendo wake unaweza kuwa wa kushtuka-shtuka.

Deki zinazouzwa kwetu kwa kawaida husoma mifumo yote miwili, lakini nyingi za Marekani huikataa PAL. Anayetaka kumpelekea ndugu yake wa huko diski ya kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho wa wachumba) iliyorekodiwa Kampala na amwombe mpiga video nakala ya NTSC, au amshauri ndugu huyo aicheze kwenye kompyuta, ambayo haibagui.

Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24, hivyo kwenye PAL huharakishwa hadi 25. Filamu ya dakika 120 huisha kwa dakika 115, na sauti hupanda kidogo. Mwenye sikio la muziki hulitambua.

Mfumo wa picha usichanganywe na namba ya ukanda, inayoonyesha diski imekusudiwa kuuzwa sehemu gani ya dunia, na ambayo ni kufuli la kibiashara tu. Uganda imo katika ukanda wa 5, Marekani wa 1, na Japani iko katika ukanda wa 2 pamoja na Uingereza, japo Japani ni ya NTSC na Uingereza ni ya PAL. Gari lililotumika Japani likiletwa kwetu na deki yake, linaweza kuikataa DVD halali ya Kampala kwa sababu mbili kwa mpigo.

Televisheni bapa zenye tundu la HDMI, waya wa picha na sauti za kidijitali, zimeondoa suala la rangi kabisa, kwa kuwa waya huo haupitishi ishara ya PAL wala ya NTSC. Kinachobaki ni mwendo: televisheni za kwetu hupokea hezi 50 na 60, ilhali baadhi ya zile zilizotengenezewa soko la Marekani hukataa 50, na hapo deki ndiyo itakayolazimika kugeuza picha.