"Hili gari lina nguvu": nguvu ya kuvuta na nguvu ya kukimbia

Pita kwenye magari ya kuuza, iwe Dar es Salaam au Mombasa, sifa ya kwanza utakayosikia ni "hili lina nguvu". Muulize muuzaji: nguvu ya kufanya nini? Gari linaloyapita mengine yote kati ya Chalinze na Morogoro laweza kuhangaika vibaya likipakiwa mifuko 20 ya saruji, yaani tani moja, na kuambiwa lipande kutoka Mombo hadi Lushoto. Nguvu ya kuvuta ni kitu kimoja, nguvu ya kukimbia ni kingine, na kwenye karatasi za gari kila moja ina namba yake.

Tuanze na ya kuvuta, ambayo kitaalamu huitwa toki. Kila aliyewahi kufungua nati ya tairi iliyoshika kutu anaijua. Spana inagoma, unachomeka bomba kwenye mpini wake, unasukuma tena, nati inaachia. Mikono ni ile ile, ila mpini umerefuka, na msokoto unaoifikia nati umekua. Msokoto huo ndio toki. Hupimwa kwa nyutoni-mita, Nm. Ukiwa na spana ya urefu wa mita 1 iliyolala sawa, ukaning'iniza mzigo wa kilo 10 mwisho wake, nati inapata karibu Nm 98.

Ile ya kukimbia huandikwa kama nguvu za farasi, nazo zinapima jambo jingine: injini inafanya kazi kiasi gani kwa muda fulani. Kipimo hiki kilienezwa na James Watt katika karne ya 18, alipotaka kuwaonyesha wateja wake kwamba mashine ya mvuke inafanya kazi ya farasi wangapi. Hesabu yake inachukua msokoto na kuuzidisha kwa mizunguko. Kwa hiyo injini inaweza kupata farasi wengi kwa kusokota kwa nguvu, au kwa kuzunguka haraka sana. Farasi 160 wanaweza kupatikana kwa njia yoyote kati ya hizo, na namba peke yake haikuambii ni ipi.

Chukua injini mbili za Toyota zinazojulikana sana barabarani kwetu. Ya kwanza ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), ile ya Land Cruiser ngumu tunazoziona mbugani na hospitali za wilaya. Ina farasi wapatao 130 tu, lakini toki yake ni kama Nm 285, na inafika kilele injini ikiwa kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Ya pili ni 2TR, petroli ya lita 2.7 iliyofungwa kwenye Hilux na Prado nyingi. Hii ina farasi karibu 160. Ukisoma hapo tu utasema ndiyo yenye nguvu zaidi. Lakini toki yake ni kama Nm 240, na kilele chake kipo karibu na mizunguko 3,800.

Hebu zipeleke mlimani na mzigo ule ule. Dizeli inapanda resi, yaani mizunguko ya injini, zikiwa chini, bila kelele nyingi, na dereva hana sababu ya kubadili gia kila kona. Petroli nayo itapanda, sikatai, ila itataka gia ndogo na resi nyingi muda wote, na mafuta utayaona yakishuka. Kwenye lami tupu mambo hugeuka: yenye farasi wengi ndiyo inayochomoka kupita lori na kurudi upande wake salama.

Injini haiko peke yake. Gia na difu (gia za mwisho, kwenye ekseli ya tairi) ndizo bomba la spana yetu. Tuseme gia namba moja inapunguza mizunguko mara 4 na difu mara 4 tena: msokoto unaofika tairini umezidishwa mara 16, na mizunguko imegawanywa kwa 16. Ulichopata kwenye kuvuta umekilipa kwa kasi. Ndiyo maana kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye injini ya cc 660 tu, kinaondoka na mzigo unaoshangaza. Gia zake zimepangwa kwa kazi hiyo. (Kule Japani kinakotengenezwa, sheria inakiruhusu kilo 350. Tunavyokipakia huku ni kukiua, pamoja na dereva wake.) Na ukifunga matairi makubwa kwa ajili ya sura, unapunguza kuvuta bila kugusa injini.

Lakini wakulima wa Lushoto hawapandi na kabichi, wanashuka nazo. Hapo gari la kazi linapimwa kwa breki, springi na uwezo wa injini kulishikilia gari kwenye gia ndogo. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kulisimamisha gari breki zinabeba kazi mara nne, si mara mbili.

Kuna kazi zinazodai mwendo kweli. Miraa inayotoka Maua kwenda Nairobi ni mzigo mwepesi unaonyauka, na kila saa inakula bei yake. Mwenye kazi hiyo akitafuta farasi namwelewa. Mwenye mbolea, mchanga au mbao akifanya hivyo, ananunua kitu atakachokitumia siku gari likiwa tupu.

Kabla ya kulipa, omba gari lipakiwe mzigo utakaobeba wewe. Nenda kwenye mlima halisi, weka gia namba mbili, acha resi zishuke hadi kama 1,500, kisha kanyaga mafuta taratibu. Likijikusanya na kuendelea kupanda, umepata la kazi. Likitetemeka na kudai namba moja, mwambie muuzaji akuonyeshe jingine.