Kidonda cha konea kwa mbwa na paka

Mbwa anafumba jicho moja, machozi yanamchuruzika upande huohuo, na kila baada ya muda anajisugua kwa mguu wa mbele au kwenye zulia. Wengi tukiona hivyo tunasema ni vumbi, litatoka lenyewe. Mara nyingine ni vumbi kweli. Lakini jicho moja linalofumbwa kwa nguvu, hasa likianza ghafla, lichukuliwe kuwa lina kidonda cha konea mpaka daktari wa mifugo athibitishe kwamba halina. Nalisisitiza hili kwa sababu dawa inayotiwa siku ya kwanza inaweza kuliponya jicho, na inaweza pia kulipofusha.

Konea ni ule utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho, ambao kwa kupitia huo tunaiona mboni na rangi iliyoizunguka. Kwa mbwa unene wake ni kama nusu milimita. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana mwanga unapita bila kizuizi. Oksijeni na chakula chake inavipata kwenye machozi na kwenye majimaji yaliyo nyuma yake. Imeundwa kwa matabaka: juu lipo jembamba linalozuia maji na vijidudu, kati lipo nene linalobeba karibu unene wote, na nyuma upo utando mwembamba sana wa mwisho kabla ya kuingia ndani ya jicho. Tabaka la juu likichubuka na lile la kati likabaki wazi, hicho ndicho kidonda cha konea.

Mishipa ya fahamu imejaa zaidi karibu na uso wa konea. Kwa hiyo mchubuko mdogo wa juujuu humuuma mnyama kuliko kidonda kilichozama. Mbwa aliyekuwa akifumba jicho jana na leo analifungua si lazima awe amepona. Kama ukungu kwenye jicho umeongezeka au usaha umezidi, huenda kidonda kimechimba zaidi.

Chanzo hutofautiana. Kucha za paka wakati wa ugomvi, mwiba, mchanga, majani makavu, sabuni ya kuogeshea. Kope iliyojikunja kwa ndani ikawa inakwaruza jicho kwa nywele zake usiku na mchana. Mbwa wenye nyuso bapa na macho yaliyotokeza, kama Pug, Shih Tzu na Pekingese, wanaumia kirahisi mno, na wengine hata kulala hawafumbi macho vizuri. Wapo pia wenye upungufu wa machozi. Daktari huupima kwa kipande cha karatasi kinachoning'inizwa ndani ya kope la chini kwa dakika moja: kwa mbwa, karatasi ikilowa chini ya milimita 15 kuna shaka, na chini ya 10 hali ni mbaya.

Kwa paka, mhusika mkubwa ni virusi vya herpesi vya paka. Wengi huvipata wangali wachanga, pamoja na mafua na macho yaliyogandana kwa tongotongo. Wanapopona, virusi hubaki vimelala kwenye mishipa ya fahamu maisha yao yote, kisha huamka paka anapohamishwa nyumba, anapoletewa mwenzake mgeni au anapozaa. Havimwambukizi binadamu.

Huku kwetu kuna chanzo kingine ambacho vitabu vya Ulaya vinakipita haraka: mate ya swila. Mbwa hukimbilia nyoka uani, nyoka huinua kichwa na kumrushia sumu usoni akiwa mbali hata mita mbili. Afrika Mashariki ina aina kadhaa za nyoka hawa. Mmoja wao, yule mkubwa wa pwani ya Kenya, alitambuliwa kisayansi kuwa aina ya pekee mwaka 2007 tu na kuitwa Naja ashei. Sumu ikiingia jichoni huiunguza konea papo hapo. Usipoteze muda kutafuta maziwa wala majani. Mtoe mbwa eneo lile, mshike, mmiminie maji safi ya bomba kwa mkondo mdogo jicho likiwa wazi, kwa dakika 15 hadi 20 bila kukoma, huku ukijikinga macho yako asije akakurushia sumu anapojikung'uta. Kisha mpeleke kwa daktari.

Nyumbani unaweza kuchunguza bila kugusa kitu. Mweke mnyama akitazama dirisha au mlango uliofunguka, halafu angalia taswira ya dirisha inayoakisiwa kwenye jicho. Katika jicho lisilo na kidonda, kingo za ile taswira zimenyooka. Palipo na kidonda taswira huvunjika au hufifia, na huenda ukaona doa la rangi ya maziwa au buluu hafifu. Tazama pia kutoka juu ya kichwa cha mbwa: upande wenye maumivu, nywele za kope la juu huelekea chini, wakati upande mzima zinaelekea mbele. Kwenye kona ya ndani, karibu na pua, kope la tatu linaweza kuwa limepanda na kufunika sehemu ya jicho.

Kipimo chenyewe ni chepesi, na nakipenda kwa sababu kinakata ubishi. Daktari huchukua kikaratasi chenye ncha ya rangi ya chungwa iliyolowekwa fluoresini, yaani rangi ya kupimia jicho, akakilowesha kwa tone moja la maji ya chumvi, akagusisha ncha kwenye weupe wa jicho na kumwacha mnyama apepese. Halafu anasafisha rangi iliyozidi na kumulika kwa taa ya buluu. Tabaka la juu la konea likiwa zima, rangi haishiki. Palipochubuka, inanywewa na tabaka la kati na kung'aa kijani. Likitokea duara la kijani lenye kitovu kisichoshika rangi, hali ni ya hatari kubwa: kidonda kimemaliza tabaka la kati na kufika kwenye utando wa mwisho, ambao haushiki rangi. Jicho hilo linaweza kupasuka wakati wowote, na linahitaji upasuaji siku hiyohiyo.

Sasa kuhusu dawa. Dukani kuna matone mengi ya macho ya binadamu ambayo ndani yake kuna antibiotiki pamoja na steroidi. Soma kichupa: ukiona deksamethasone, betamethasone, prednisolone au hidrokotisone, usimtie mnyama ambaye jicho lake halijapimwa kwa fluoresini. Steroidi hupunguza wekundu haraka, hivyo mwenye mbwa hufurahi akidhani dawa imefanya kazi. Chini ya furaha hiyo kidonda hakifungi, kinga ya pale imelala, na vimeng'enya vinavyoyeyusha konea vinapata nafasi. Konea ikianza kuyeyuka, ikawa laini kama uji mzito, saa 24 zinatosha kulipoteza jicho. Kwa paka mwenye herpesi steroidi huwachochea virusi pia. Najua ni dawa nzuri mahali pake, na madaktari huitumia kwa magonjwa mengine ya macho. Ninachokipinga ni kuitumia kwa kubahatisha.

Matone ya ganzi nayo ni ya kutumika kliniki tu, kwani yakirudiwarudiwa huzuia kidonda kupona. Na usimpe paka Panadol kumtuliza maumivu: parasetamoli humuua paka, hata kidonge kimoja.

Unachoweza kufanya kabla ya kufika kwa daktari ni kulinda na kusafisha. Nunua chupa ya maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, au chemsha nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, uache yapoe kabisa. Lowesha pamba, futa tongotongo kutoka kona ya ndani kwenda nje, na kila jicho liwe na pamba yake. Kitu kilichochoma jicho na kunasa, kama mwiba, usikichomoe. Mvishe mnyama kola pana ya plastiki shingoni asijikune. Isipopatikana dukani, hukatwa kutoka kwenye ndoo kuukuu ya plastiki, ukingo ukazungushiwa kitambaa.

Matibabu ya kidonda cha juujuu mara nyingi ni matone au mafuta ya antibiotiki mara kadhaa kwa siku, na atropini ya kutuliza mkakamao wa misuli ya ndani ya jicho. Ukimtia dawa, simama au piga magoti nyuma yake, inua kidevu, egemeza mkono wenye kichupa kwenye paji la uso wake ili asikione kikija, kisha dondosha tone moja. Dawa zikiwa mbili, ngoja dakika tano kati yake. Matone yatangulie, mafuta yafuate. Kidonda safi cha juujuu hufunga ndani ya wiki moja. Kikipita hapo hakijafunga, kuna kitu bado kinakwaruza, au machozi ni machache, au vijidudu havisikii ile dawa, na daktari inabidi aanze upya kutafuta.

Si kila jicho jeupe ni kidonda. Mtoto wa jicho yuko ndani, kwenye lenzi nyuma ya mboni, na kwa kawaida peke yake hamfanyi mbwa afumbe jicho. Mbwa mzee hupata ukungu wa buluu katika lenzi zote mbili na bado anaona. Ila macho yote mawili yakigeuka meupe pamoja na homa, kukonda na ufizi uliopauka, fikiria ugonjwa wa mwili mzima: nagana kwa mbwa anayeishi au aliyepita kwenye mbung'o, au erlikia inayoletwa na kupe. Hapo hupimwa damu. Kwa kesi ngumu zipo hospitali za vyuo vinavyofundisha madaktari wa mifugo, kama Sokoine pale Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete.

Ikitokea jicho limepasuka na haliwezi kuokolewa, daktari atashauri liondolewe. Wenye wanyama wengi hukataa kwa huruma, wakamwacha na jicho lililooza. Jicho hilo linamuuma kila siku. Likishatolewa na mshono kupona, kwa siku kumi hadi kumi na nne hivi, mbwa au paka chongo hula, hucheza na hulinda nyumba kama awali. Mzoeze tu kumwita kwa sauti kabla ya kumgusa upande asioona.