Je, Wajua Kwa Nini Siku ya Kazi Ina Saa Nane?

Mtumishi wa umma nchini Tanzania huingia ofisini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. Hizo ni saa nane kamili, na hesabu hiyo utaikuta, kwa tofauti ndogo ndogo, katika viwanda, benki na ofisi za nchi nyingi duniani. Wengi wetu tuliikuta hivyo tulipoanza kazi, tukaichukua kana kwamba siku iliumbwa pamoja na kipimo hicho. Lakini saa nane zilidaiwa na watu, zikagomewa, kisha zikaandikwa katika sheria, na anayetaka kuelewa kwa nini maisha ya sasa yanatuelemea hana budi kujua zilikotoka, kwa sababu tatizo lililozizaa limerudi kwa sura nyingine.

Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu, kikomo cha kazi kiliwekwa na maumbile. Mkulima alirudi nyumbani giza lilipoingia, na mvuvi wa pwani alifuata bamvua na maji mafu. Kazi ilikuwa ngumu, pengine ngumu kuliko nyingi za leo, lakini ilikuwa na majira yake ya kupungua. Hali hiyo ilivunjika Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, viwanda vya nguo vilipoenea. Mashine haichoki, na tajiri aliyetumia fedha nyingi kuinunua hakutaka ikae bure hata kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 19 taa za gesi zilianza kuwashwa viwandani, na tangu hapo usiku ukakosa uwezo wa kumtoa mtu kazini. Watu wazima, na watoto pamoja nao, walifanya kazi kwa saa 12, 14 na hata zaidi kila siku.

Aliyelitamka wazo la saa nane kwa namna iliyokaa vichwani mwa watu ni Robert Owen, ambaye mwenyewe aliendesha viwanda vya pamba katika kijiji cha New Lanark, Uskoti. Mwaka 1817 alitoa mwito uliogawa siku katika mafungu matatu: saa nane za kazi, saa nane za burudani na saa nane za mapumziko. Kwa maoni yangu, uzito wa mgawanyo huo umo katika fungu la pili. Kila tajiri alikuwa tayari kukubali kwamba mfanyakazi lazima alale, maana asiyelala hawezi kufanya kazi kesho yake. Kusema kwamba mtu anastahili pia saa nane ambazo si za mwajiri wala si za usingizi, saa za kukaa na watoto, kusoma, kuabudu, kuzungumza na majirani na kushughulikia mambo ya jamii yake, lilikuwa dai zito zaidi, nalo ndilo linalopuuzwa upesi hata leo.

Dai hilo lilichukua miongo mingi kukubalika. Tarehe 21 Aprili 1856, waashi wa mawe waliokuwa wakijenga Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, waliweka zana zao chini wakaandamana hadi jengo la Bunge, na wakafanikiwa kupata siku ya saa nane bila kupunguziwa ujira. Nchini Marekani, mgomo mkubwa ulianza tarehe 1 Mei 1886. Siku chache baadaye, bomu lilirushwa katika mkutano wa wafanyakazi kwenye uwanja wa Haymarket mjini Chicago, askari na raia wakafa, na mwaka uliofuata wanaume wanne walinyongwa kwa kesi iliyolaumiwa sana. Sherehe za Mei Mosi zinazofanyika kila mwaka katika viwanja vya Afrika Mashariki zina asili yake katika madai hayo. Hatimaye, mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza kabisa, na mkataba huo ulihusu jambo hili hili: kazi za viwandani zisizidi saa nane kwa siku na saa 48 kwa wiki.

Msomaji anaweza kuuliza kama kikomo hiki kina msingi wowote zaidi ya huruma. Kinao, na ushahidi mmoja ulipatikana mahali pasipotarajiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Uingereza ilihitaji mizinga na risasi kwa wingi, ikawafanyisha kazi wafanyakazi wa viwanda vya silaha, wengi wao wanawake, kwa saa nyingi mno, pengine bila siku ya kupumzika. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza afya zao, na takwimu zilizokusanywa zilihifadhiwa. Karibu karne moja baadaye, mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alizichambua upya akaona kwamba baada ya saa 50 hivi kwa wiki, kila saa iliyoongezwa ilileta mazao kidogo kuliko iliyotangulia, na kwamba waliofanya kazi saa 70 walitoa kiasi kisichotofautiana sana na waliofanya saa 56. Saa 14 za uchovu zilikwenda karibu bure.

Mwili nao una hesabu zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa kutenda kwa kiwango kinacholingana na cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Anayeamka saa 11 alfajiri anafikia hali hiyo saa 4 usiku, bila kuonja pombe na bila kujijua, jambo linaloeleza kwa nini Sheria ya Trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria au la mizigo kuendesha zaidi ya saa nane kwa jumla ndani ya saa 24. Madhara mengine huja polepole. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba watu wapatao 745,000 walifariki mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari ya kiharusi kwa watu hao ilikuwa kubwa kwa asilimia 35 kuliko kwa wanaofanya kazi kati ya saa 35 na 40.

Sheria zetu zinalijua jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa tisa kwa siku na saa 45 kwa wiki, na inadai mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Hizo saa 12 ndizo zinazoliwa na simu ya mkononi. Taa ya gesi iliondoa kikomo kilichowekwa na jua, na simu imeondoa kikomo kilichowekwa na mlango wa ofisi, kwa kuwa ujumbe wa bosi kwenye kundi la WhatsApp saa 3 usiku humfikia mtu akiwa mezani na wanawe, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa uzembe. Ufaransa ilianza mwaka 2017 kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya saa za kazi. Kenya nayo iliona muswada wa namna hiyo ukifikishwa kwenye Seneti mwaka 2022.

Hata hivyo, hesabu ya saa nane ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na ni haki kuitaja. Ilimfikiria mwanamume anayerudi nyumbani akakuta chakula kimepikwa, nguo zimefuliwa na watoto wameogeshwa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi zote za malezi na za nyumbani zisizolipwa. Mwanamke anayetoka ofisini saa 9:30 alasiri, akapitia sokoni, akapika, akasimamia masomo ya watoto na kumuuguza mzazi, hana lile fungu la pili ambalo Owen alilitaja, na hakuna sheria ya kazi itakayompa. Litapatikana tu iwapo mumewe na wanawe wa kiume watabeba sehemu yao ya kazi hizo kila siku, bila kusubiri kuombwa.

Wako pia mamilioni wasio na mwajiri: dereva wa bodaboda, mama lishe, fundi, machinga. Kuwaambia watu hawa wapange muda wao vizuri ni kuwabebesha mzigo usio wao peke yao, kwa sababu bodaboda anayeegesha pikipiki saa 2 usiku anajua abiria wake atachukuliwa na mwenzake. Mji Mkongwe wa Zanzibar una desturi ya miaka mingi ambayo naiona inafaa kutazamwa kwa makini. Wenye maduka wengi hufunga adhuhuri kwa ajili ya swala, chakula na kupumzika, kisha hufungua tena alasiri, na hakuna anayepoteza mteja kwa kufunga kwa kuwa jirani yake naye amefunga. Vijiwe vya bodaboda tayari vina viongozi, zamu na michango ya kusaidiana katika misiba na ajali, hivyo vina uwezo wa kukubaliana pia nani atabaki barabarani usiku wa leo na nani atakwenda kulala.