Kulindana maana yake nini kwenye kituo cha polisi?

Neno limetoka kwenye kulinda. Askari akilinda, anayelindwa ni raia. Ongeza "-ana" mwishoni, walinzi wanageukiana: koplo anamfichia sajenti, sajenti anamfichia koplo, raia anabaki nje. Wala hakuna haja ya kusema uongo. Kunyamaza kunatosha.

Niliona kulindana huko kwenye kituo kimoja hapa Dodoma, nilipokwenda kumdhamini kijana wa jirani, dereva wa bodaboda. Ukutani palibandikwa karatasi: dhamana ni haki, haiuzwi. Chini yake afande wa zamu akaniomba "hela ya mafuta", elfu thelathini. Pembeni alikuwepo askari wa kike, bado mgeni kazini. Alinitazama, akainamisha macho, akaanza kupanga mafaili ambayo tayari yalikuwa yamepangika. Nililipa. Mpaka leo namkumbuka yeye kuliko aliyepokea.

Simhukumu. Sheria alifundishwa chuoni. Kazini amefundishwa nani haulizwi. Mkubwa wake ndiye anayempangia zamu, likizo na lindo la usiku. Akisema, ataitwa msaliti, na akivamiwa doriani ni hao hao atakaowaita. Ndiyo maana kulindana kunadumu hata kwenye kituo chenye askari wengi waadilifu: kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Hasara tunaipata sisi. Mtu akiibiwa ng'ombe kule Chamwino anahesabu nauli, anahesabu na ile ya mafuta, kisha anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji au anachukua fimbo mwenyewe. Polisi kata anaweza kuitisha mkutano wa polisi jamii, watu wakaja, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani na siri zao. Nani ampe jina la mwizi mtu ambaye wenzake huenda wakalivujisha, na hakuna atakayewauliza?

Imani hairudi kwa semina. Inarudi pale lalamiko linapotoka mikononi mwa kituo kinacholalamikiwa. Rushwa ipelekwe TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, simu ya bure. Kipigo na kuwekwa mahabusu kinyume cha sheria vipelekwe Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa ibara ya 129 ya Katiba. Lakini hiyo ni milango ya raia. Yule askari wa mafaili naye anahitaji wake: ofisa wa kumwendea ambaye hampangii zamu, na hakikisho kwamba wiki inayofuata hatapewa uhamisho wa ghafla.